Shahidi Ambaye Hakuitwa

Baba mkubwa wangu alikuwa karani wa mahakama mjini Lubumbashi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kazi yake yote ilikuwa kuandika maneno ya watu wengine: ya washitakiwa, ya mashahidi, ya mawakili, na ya majaji waliokaa juu yake. Alipostaafu, macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa mbele ya redio kutwa nzima, aliniomba niwe nikimsomea jioni. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa fasihi ya Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nikiishi nyumbani kwake katika mtaa wa Katuba, na nilikuwa nimekwisha kuchagua mada ya kazi yangu ya kumaliza masomo, yaani giza la nafsi katika hadithi fupi za karne ya 19. Kwa hiyo nilimsomea kile kile nilichokuwa nikikisoma mwenyewe.

Tulianza na Edgar Allan Poe. Mmarekani huyo alichapisha hadithi ya moyo unaodunda chini ya sakafu mwaka 1843 na ile ya pipa la divai ya Amontillado mwaka 1846, lakini sisi tuliosoma kwa Kifaransa tulimfahamu kupitia kalamu ya Charles Baudelaire, aliyemfasiri katika vitabu vilivyotoka mwaka 1856 na 1857. Darasani nilikuwa nimefundishwa kumtazama msimulizi wa hadithi ya moyo kama mgonjwa: mtu anayemuua mzee aliyempenda kwa sababu tu ya jicho lake lililopauka, lenye utando, na ambaye kwa usiku saba mfululizo anafungua mlango wa chumba polepole na kulikuta jicho limefumba, mpaka usiku wa nane linapokuwa wazi. Baba mkubwa hakuusikia ugonjwa kwanza. Alisikia maelezo ya mshitakiwa. Mtu anayeanza kwa kusisitiza kwamba ana akili timamu, alisema, amekwisha kuulizwa swali hilo kabla sisi hatujaingia chumbani. Liko swali ambalo halikuandikwa kwenye karatasi, na anayesoma anapaswa kulirudisha mahali pake.

Kuhusu Montresor wa hadithi ya pipa alifikiri muda mrefu zaidi. Montresor anamwongoza Fortunato katika mahandaki ya chini ya jumba lake wakati wa kanivali, anamlewesha, anamfunga kwa mnyororo na kumjengea ukuta wa mawe safu kwa safu mpaka ya 11, kisha anayasimulia hayo yote nusu karne baadaye kwa sauti isiyotetemeka. Anasema kwamba Fortunato alimtendea mabaya elfu moja na mwisho akamtukana, lakini hataji ovu hata moja, wala tusi lenyewe halisemi.

"Hapo ndipo pa kutazama," baba mkubwa alisema. "Mtu akikupa mahali, akakupa saa, akakupa hata hesabu ya mawe, halafu sababu akaipita mbio, basi sababu hana, ama anayo na anaionea haya."

Nimesoma tangu wakati ule kurasa nyingi za uhakiki juu ya Montresor, na sijakutana na maelezo yanayonitosheleza kuliko hayo.

Kutoka kwa Poe tulihamia kwa Guy de Maupassant, na tukasoma kwanza "Le Horla" ya mwaka 1887, hadithi iliyoandikwa kama shajara kuanzia tarehe 8 Mei hadi tarehe 10 Septemba. Mtu anayeishi kando ya mto Seine anaanza kuhisi kwamba kiumbe asiyeonekana amekaa nyumbani mwake, anayanywa maji yake usiku na kumnyang'anya utashi wake. Baba mkubwa alimheshimu mtu huyo, na sababu yake ilinishangaza. Kabla ya kulala, mtu yule anazifunga chupa zake kwa kitambaa cheupe, anavikaza vizibo kwa kamba, anajipaka unga mweusi wa penseli midomoni, ndevuni na mikononi, ili kama ni yeye mwenyewe anayeamka usingizini na kunywa, kitambaa kimshitaki. Asubuhi kitambaa ni safi na maji hayapo. Wengine hukiona kitisho katika chupa tupu. Baba mkubwa aliuona uchunguzi: huyu anajishuku, alisema, huyu amejiita mwenyewe mbele ya mahakama, na mtu anayeweza kujishuku bado ana mlango mmoja ulio wazi.

Hayo yote yalikuwa kabla ya jioni ninayotaka kuieleza.

Ilikuwa Desemba, katikati ya majira ya mvua. Umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri, jambo ambalo mtu wa Katuba hata halitafutii sababu, na mvua ilipiga bati kwa nguvu hivi kwamba nililazimika kupaza sauti. Mama mkubwa alikuwa barazani karibu na mbabula, jiko letu la makaa, akingoja maji ya bukari, yaani ugali, yachemke. Nilikuwa nimeleta kitabu chakavu nilichokinunua kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya mji, na ndani yake mlikuwa na hadithi ambayo sikuwa nimeisoma bado: "Un fou", ambayo Maupassant aliichapisha mwaka 1885. Nilitaka kutanguliza maisha ya mwandishi, kama tulivyofundishwa, kwamba mwaka 1892 alijaribu kujiua, akapelekwa katika kliniki ya wagonjwa wa akili mjini Paris, akafia humo Julai 1893 akiwa na umri wa miaka 42. Baba mkubwa alinizuia kwa kuinua kiganja.

"Hali ya mwandishi tutaitazama baadaye, mama," alisema, kwa maana ndivyo alivyoniita tangu utoto wangu. "Soma faili."

Hadithi inafunguka kwa kifo cha jaji mmoja mkubwa wa Ufaransa, mkuu wa mahakama, mtu ambaye uadilifu wake ulitajwa kila mahali kama mfano, na ambaye mawakili na majaji waliuinamia uso wake mweupe uliokonda. Baada ya kifo chake, notari, yaani mwanasheria wa kuthibitisha hati, anaikuta karatasi ya ajabu ndani ya meza ambamo marehemu alihifadhi mafaili ya wahalifu wakubwa. Kuanzia hapo anayesema ni jaji mwenyewe, kwa tarehe. Tarehe 20 Juni 1851 ametoka kikaoni, amemhukumu kifo mtu aitwaye Blondel aliyewaua watoto wake watano, na anajiuliza kwa nini watu huua. Swali linageuka kuwa hamu. Hamu inaanza kwa kitu kidogo: mtumishi wake Jean ana ndege wa kuimba ndani ya kizimba, na siku moja jaji anamtuma mtumishi mjini, anamchukua ndege mkononi, anausikia moyo wake ukienda mbio, kisha anamkata koo kwa mkasi wa kucha, polepole. Anaosha mkasi, anaosha mikono, anamwaga maji, na anamzika ndege bustanini chini ya mche wa stroberi. Halafu anaandika kwamba kila siku atakula tunda moja la mche huo.

Nilisita hapo. Damu itakuja baadaye katika hadithi hiyo, tena nyingi, na haijapata kunishitua kama tunda lile. Muuaji wa kawaida hulikimbia kaburi alilolichimba. Huyu anataka kulila, na kulila kwa utaratibu, tunda moja kwa siku, kama mtu aliyeandikiwa dawa. Ndipo nilipohisi kwa mara ya kwanza kile ambacho baadaye nilikiandika katika kazi yangu yote, kwamba giza la wahusika hawa halimo katika mikono yao bali katika mpangilio wao mzuri wa mambo. Sentensi zao zina adabu, tarehe zao zinafuatana.

Baba mkubwa alikuwa amekaa kama alivyokaa kazini, kichwa kimeelekea kidogo upande wa sikio la kulia, na kidole gumba cha mkono wa kuume kilikuwa kikisugua taratibu ile sugu ya kalamu iliyobaki kwenye kidole cha kati. "Endelea," alisema.

Nikasoma habari za mtoto. Jaji anatembea msituni, anakutana na mvulana mdogo anayekula mkate uliopakwa siagi, na mtoto anamwamkia kwa cheo chake, kwa maana katika mji huo hata watoto wanamjua. Anamnyonga. Jioni hiyo hiyo anakwenda kwa mkuu wa jimbo, na wageni wanamwona mchangamfu. Siku chache baadaye anaandika kwa mistari miwili tu kwamba wazazi wa mtoto wamekuja kumwona na wamelia. Niliposoma mistari hiyo, mlio wa mwiko barazani ulinyamaza. Sikujua kama mama mkubwa alikuwa akisikiliza au bukari ilikuwa imeiva.

Kisha inakuja habari ya mvuvi. Ni Oktoba, jaji anapita kando ya mto na kumkuta mvuvi amelala. Shambani karibu naye limesimikwa sepetu, kana kwamba limewekwa kwa makusudi. Analichukua, anampasua kichwa, na baadaye mpwa wa marehemu, aliyekuwa akivua pamoja naye, anashitakiwa. Mji mzima unaamini kwamba ni yeye, kwa maana ndiye mrithi. Jaji anaandika, kwa furaha asiyoificha, kwamba kijana anajitetea vibaya sana: anadai kwamba alikuwa amekwenda kijijini kununua mkate na jibini, na kwamba mjomba wake aliuawa wakati yeye hayupo, na nani atamwamini?

"Rudia hapo, mama."

Nikarudia.

"Muuza mkate ni nani?"

Nikamjibu kwamba hatajwi.

"Hatajwi na nani?"

Ilinichukua muda kulielewa swali. Mimi nilikuwa nimesoma kama msomaji wa hadithi, ambaye kile kisichotajwa na msimulizi hakipo. Yeye alikuwa amesikiliza kama mtu ambaye maisha yake yote amezisikia habari kupitia kinywa cha mwenye haja nazo. Kama kijana alinunua mkate, basi yuko mtu aliyemuuzia, na mtu huyo ana duka, ana macho, na anakumbuka saa, kwa kuwa katika kijiji kidogo muuza mkate huwakumbuka wateja wake. Shahidi huyo angeimaliza kesi asubuhi moja. Jaji anamjua vizuri kuliko mtu yeyote, maana yeye peke yake katika mji ule anajua kwa hakika kwamba kijana anasema kweli. Na ndiyo maana neno juu ya shahidi huyo halimo katika shajara. Mtu ambaye amekiri kumkata koo ndege, kumnyonga mtoto na kumpasua mvuvi, ameficha jambo moja hata kwenye karatasi ambayo hakuna mwingine wa kuisoma.

"Damu anaionyesha," baba mkubwa alisema. "Mkate anauficha. Chukua daftari."

Aliniamrisha kuandika kwa utaratibu wa kazi yake. Tarehe, saa, mahali; mbele yetu amefika mtu huyu, ambaye baada ya kuelezwa anashitakiwa kwa nini, na baada ya kuulizwa, amejibu hivi. Halafu maswali, moja baada ya jingine, bila majibu, kwa kuwa majibu hatukuwa nayo. Mkate ulinunuliwa wapi? Jibini ilinunuliwa kwa mtu yule yule au kwa mwingine? Ulilipa kwa fedha gani, na ulirudishiwa kiasi gani? Ulikutana na nani njiani? Uliporudi, mkate uliuweka wapi ulipomwona mjomba wako amelala katika damu? Aliposema swali hilo la mwisho sauti yake ilibadilika kidogo, na mimi niliona mbele yangu, wazi kabisa, kijana amesimama kwenye majani na mkate kwapani, kitu ambacho Maupassant hakukiandika popote. Sepetu ni la nani? Shamba la viazi ni la nani? Mwenye shamba alihojiwa? Niliandika haraka kadiri nilivyoweza, na yeye alikuwa akingoja kila nilipobaki nyuma, bila kuambiwa, kwa kuusikiliza mkwaruzo wa kalamu.

Nilipomaliza, nilimwambia kwamba mahakama ya namna ile isingempa mtu nafasi ya kuyauliza maswali hayo, na kwamba katika hadithi hakuna anayeuliza. Alikubali. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Karani alikuwepo."

Nilimwambia kwamba karani pia hatajwi.

"Hakuna kikao bila karani. Alikuwa amekaa pale chini, na alimsikia kijana akisema mkate na jibini, na aliandika: mshitakiwa anasema alikwenda kununua mkate na jibini. Halafu akageuza ukurasa. Mimi ningeandika hivyo hivyo, mama. Karani haulizi."

Hakusema kwa huzuni ya kuigiza, wala hakunitazama ili nimfariji. Alikuwa akitaja nafasi yake katika chumba kile, kama mtu anavyoonyesha kiti chake. Ninaamini kwamba hapo ndipo hadithi ilipokuwa nzito kwake, wala si kwa jaji. Jaji yule ni wa ajabu mno. Mtu anaweza kumwogopa na kulala usingizi. Lakini ili kijana akatwe kichwa walihitajika watu wengi wasio wa ajabu hata kidogo: askari aliyemkamata, mpelelezi aliyemchanganya mpaka akakaribia kukiri kosa asilolitenda, mwendesha mashtaka ambaye jaji anamsifu kwamba alisema kama malaika, wazee wa baraza, na karani mwenye mwandiko safi. Maupassant anawapitisha kwa nusu sentensi kila mmoja, na huo ndio ustadi ninaovutiwa nao zaidi katika hadithi hiyo, kwamba tabia ya mji mzima inaonekana kando ya tabia ya mtu mmoja bila mwandishi kuinyooshea kidole.

Nikasoma mpaka mwisho. Januari jaji anashangilia hukumu. Machi anakwenda kutazama gilotini, na anaandika kwamba kijana amekufa vizuri sana. Baada ya hapo tunaambiwa kwamba maandiko yana kurasa nyingine nyingi zisizo na uhalifu mpya, na kwamba madaktari wa wagonjwa wa akili, waliokabidhiwa maandiko hayo, wanathibitisha kuwa duniani wamo wendawazimu wengi wasiojulikana, wenye ujanja na hatari kama huyu.

Baba mkubwa hakuupenda mwisho huo, na tulibishana. Mimi niliutetea. Nilimweleza kwamba katika miaka ile Maupassant alihudhuria mihadhara ya daktari Charcot katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, kwamba elimu ya magonjwa ya akili ilikuwa ikizungumzwa hadi magazetini, na kwamba sentensi ya madaktari haimsamehei jaji bali inamrudishia msomaji hofu: kama wapo wengi wasiojulikana, basi nani amekaa juu yetu sasa hivi? Nilimwambia pia kwamba mwaka 1885 mwandishi alikuwa katika nguvu zake zote, ndio mwaka aliotoa riwaya ya "Bel-Ami", kwa hiyo haifai kuuchukua ugonjwa wake wa baadaye na kuumwagia jaji. Hilo alilikubali mara moja. Lile la kwanza alilikataa, lakini si kwa sababu niliyoingojea.

"Sibishani juu ya wazimu. Awe mwendawazimu, asiwe, hiyo ni kazi ya madaktari. Mimi nafuata karatasi. Notari ameiona. Ndani yake mna ungamo la mauaji mawili, limeandikwa kwa mkono wa marehemu, lina tarehe. Kuna mtu alikatwa kichwa kwa moja ya mauaji hayo. Karatasi hiyo inapelekwa wapi?"

"Kwa madaktari."

"Mahakamani haikufika?"

Haikufika. Nilitazama ukurasa tena, na kwa kweli hakuna hata neno moja juu ya mwendesha mashtaka, wala juu ya familia ya mvuvi. Ushahidi pekee unaomsafisha kijana umegeuzwa kuwa kielelezo cha ugonjwa.

Mama mkubwa aliingia na sahani, akaziweka mezani, akasimama mikono kiunoni. "Na wale wazazi waliokwenda kulia kwake," alisema, "waliambiwa?" Tulimjibu kwamba hapana, nao hawatajwi tena. Akasema kwamba basi kuna barua mbili za kuandika, si moja, na kwamba bukari inapoa.

Tulikula haraka, bukari na sombe, yaani kisamvu, na baada ya kunawa baba mkubwa aliniomba daftari niliweke tayari tena. Safari hii haikuwa mahojiano bali ombi la kurudia kesi, ili jina la marehemu lisafishwe. Alianza kunisomea kichwa cha ombi kama alivyokuwa akikisoma tangu ujana wake, akafika mahali pa kumtaja anayeombewa, akanyamaza ili nimpe jina. Nilirudi nyuma katika kitabu, ukurasa kwa ukurasa, chini ya taa. Blondel, aliyewaua watoto watano, ana jina. Jean, mtumishi mwenye ndege, ana jina. Mvuvi hana, mtoto wa msituni hana, na mpwa hana. Nilimwambia.

"Acha nafasi ya mstari mmoja," alisema, kisha akaendelea na aya ya kwanza, inayoanza na muuza mkate.